Bwana Shamba Hakuchimba

Nimeshaambiwa nimsamehe Bwana Shamba, tena na mama yangu mwenyewe, ambaye ndiye aliyekosewa. Nimejaribu. Kuna siku nadhani nimeweza, halafu mteja anaingia hapa kwenye yadi ya mbao ninapofanya kazi, Makambako, anasikia mimi ni wa kijiji cha Kichiwa, anatoa simu na kuniuliza kama kule kuna mtu mwingine anayeuza miche ya parachichi, maana habari za yule mama ameshazisoma. Hajui anazungumza na nani. Mimi namwambia sijui, na hasira yote inarudi.

Nitamweleza kama nilivyomjua, bila kumpunguzia na bila kumwongezea. Mazuri yake yalikuwa mengi, na hayo ndiyo yaliyotuponza.

Kwa jina hakuna aliyemwita. Alikuwa mtaalamu wa kilimo wa serikali, akastaafu, akajenga palepale kwetu, na cheo kikamfuata hadi kanisani. Mzee wa kanisa akitangaza michango alisema "na Bwana Shamba wetu". Hata mke wake alimwita hivyo mbele za watu, kwa utani fulani uliotufanya tujiulize anamwitaje wakiwa wawili. Alivaa gambuti masika na kiangazi, na koti zito ambalo mifuko yake ilijaa udongo. Nasema udongo kweli, si mfano. Akipita kwenye shamba lililomvutia aliokota kidogo, akatia mfukoni, akaenda kuutazama nyumbani kwa nafasi yake. Mke wake aliacha kulifua koti lile, akawa analikung'uta tu nje.

Msiba wa jirani yetu mmoja, wanaume wakiwa wanachimba kaburi, Bwana Shamba alichukua udongo uliotoka chini, akausugua vidoleni, akanusa, akasema hapa pangestawi ngano vizuri sana. Watu walicheka huku wanalia. Mjane mwenyewe alipoambiwa alicheka, na baadaye alipanda ngano upande ule.

Alikuwa na neno lake moja alilolitumia kwa kila jambo: chimba kwanza, ndipo useme. Mtu akimletea jani la njano, hakulipokea. Alichukua jembe lake la mpini mfupi, akaenda naye hadi shambani hata kama ni Ilembula huko, akapiga magoti na kufukua mizizi. Alikuwa akisema jani ni msemaji tu, mwenye kesi yuko chini. Yuko bwana mmoja aliyekuja kumshtaki shemeji yake kwamba amemrogea mahindi. Bwana Shamba alimsikiliza hadi mwisho, wakaenda, akachimba, akamwekea kiganjani funza wanene weupe. Akamwambia, "Shemeji zako hawa hapa." Yule bwana aliona aibu, lakini tangu siku hiyo alikuwa mtu wake wa kufa na kuzikana.

Msifikiri alikuwa malaika. Kila msimu wa kupanda alitukemea kwa ajili ya ulanzi, ile pombe ya mianzi, kwamba tunaacha mvua ipite tukiwa tumekaa na vikombe, na kila msimu wa ulanzi mtu alimkuta mianzini, kikombe mkononi, akisema anapima mavuno. Alihubiri kwamba maarifa hayafichwi, mficha uchi hazai, na mbegu yake ya viazi aliificha mahali ambapo hata mke wake hakuonyeshwa. Alichukia mikutano. Alisema mikutano ndiyo iliyoua kilimo cha nchi hii. Na ukimpa kiti cha mwenyekiti mlikuwa hamtoki mpaka kuku warudi bandani. Tulimcheka kwa hayo yote, naye alijua, na nadhani alipenda.

Kitu kimoja hakikuchekwa. Muda wote wa kazi yake aliandika ripoti. Aliandika magonjwa aliyoyaona, mbegu zilizoshinda baridi, mahali penye udongo mchachu, akapeleka juu kama alivyotakiwa, na huko juu hakuna aliyemjibu. Siku moja alinunua karanga sokoni Makambako, akafungua karatasi, akakuta mwandiko wake. Ilikuwa ripoti ya ukungu wa viazi, aliyoiandika baada ya kutembea mvuani kijiji kwa kijiji. Alipenda kusimulia kisa hicho akijifanya kinamchekesha. Mke wake alimwambia mama kwamba siku ile alikaa hadi kesho yake bila kula.

Kwa hiyo watu wa mradi mmoja wa kilimo walipokuja na ghala lao la maarifa la kwenye simu, hawakupata kazi ya kumshawishi. Tulikusanyika ukumbi wa kanisa. Wenyewe waliita blokcheni, sisi tukaita mnyororo na limebaki hivyo. Walieleza kwamba wakulima wenyewe ndio watakaoandika wanachokijua, kwa simu, na wanachama wenyewe ndio watakaopiga kura kiingie au kisiingie. Kikishaingia kinakaa kwenye mashine za watu wengi kwa wakati mmoja, kila kipya kimefungwa kwenye kilichotangulia, na hakuna ofisi moja yenye ufunguo. Bwana Shamba alisimama.

"Nani anaweza kufuta?"

"Hakuna, mzee."

"Hata mkurugenzi?"

"Hata sisi tulioleta."

Akauliza tena kwa njia nyingine, kama mtu anayeogopa kuamini, akajibiwa vilevile. Akakaa, akavua kofia, akaishika magotini mpaka mkutano ukaisha. Mama yangu, aliyekuwa nyuma na wanawake wenzake, aliuliza mtu akikosea inakuwaje. Wakamwambia la zamani linabaki palepale, na sahihisho linaongezwa mbele yake, wanachama wakilikubali. Mama akasema sawa, ameelewa.

Kanuni zilijadiliwa siku nyingi, na Bwana Shamba ndiye aliyekuwa mwenyekiti, kwa hiyo mnaweza kukisia. Kanuni moja ilikuwa yake kabisa. Alitaka kwamba mtaalamu akishaandika kuhusu bidhaa ya mtu, asiweze kulisahihisha neno lake peke yake. Lazima yule aliyeandikwa aje mwenyewe, aeleze mbele ya wanachama wote tangu mwanzo jinsi jambo lilivyokuwa, aulizwe, ajibu, maelezo yake yahifadhiwe pamoja na lile neno, ndipo kura ipigwe. "Nawajua wataalamu, mimi ni mmoja wao," alisema. "Mtaalamu ananunulika kwa mbuzi." Ukumbi ulimpigia makofi. Ilikuwa kanuni nzuri. Hadi leo, ukinining'iniza kichwa chini nijibu, nitasema ilikuwa nzuri.

Na mnyororo ulifanya kazi, sitaki kudanganya. Watu waliokuwa wanapoteza viazi kila masika walisoma, wakaokoa. Waliochangia na kukubaliwa walipewa pointi, na pointi ziliongeza uzito wa kura zao. Bwana Shamba aliandika yote aliyokuwa ameyapeleka juu bure, moja baada ya jingine, akitoa akilini. Alikuwa akija kwetu kuchaji simu, maana tulikuwa na sola, na mama alimpa viazi vya kuchemsha huku akingoja. Sikuwahi kumwona na furaha kama wakati ule.

Mama yangu alikuwa na kitalu cha miche ya parachichi. Alijifunza mwenyewe kubebesha, yaani kuunga kijiti cha mparachichi mzuri kwenye mche wa kienyeji, kwa kukata na kuharibu mpaka mkono ukakubali, na Bwana Shamba huyuhuyu ndiye aliyemwonyesha mara ya kwanza namna ya kunoa kisu. Baba alikuwa ameshafariki. Kitalu kile ndicho kilichomfanya mama aitwe kwa jina lake, si mke wa marehemu fulani. Watu walitoka Makambako na Njombe mjini kumfuata, wakiuliza njiani nyumba ya yule mama wa miche, na watoto waliwaelekeza kwa fahari.

Kikundi kimoja cha wakulima kilinunua miche yake na kuipanda vinyunguni, kule bondeni tunakolima mboga za kiangazi kwa sababu maji hayakauki. Masika yalipokolea miche ikageuka njano, ikanyauka. Wakamwita Bwana Shamba. Alikwenda. Siku hiyo watu wa mradi walikuwa wamekuja na kamera kuonyesha jinsi mtaalamu wa kijiji anavyoandika moja kwa moja kutoka shambani, na mvua ilikuwa imeshika. Alisimama pembeni ya kinyungu, akainamia mche mmoja, akakwangua gome kwa ukucha wa kidole gumba mahali pa maungio, akaona rangi ya kahawia. Akasema mbebeshaji ndiye tatizo, ugonjwa umetoka kitaluni. Akaandika palepale, na jina la mama yangu akalitaja kamili, na kijiji, kwamba miche yake ina ugonjwa na isinunuliwe. Kura zilipita siku ileile. Nani angempinga yeye?

Nilikwenda kwake baada ya kusikia. Nilimkuta barazani akisugua gambuti kwa kijiti.

"Bwana Shamba, ulichimba?"

Hakuniangalia. "Mvua ilikuwa kubwa, mwanangu. Na jicho limeshazoea."

Nilimwambia mama. Alikwenda kumwagilia miche yake.

Wanunuzi walikoma mara moja, kama bomba lililofungwa. Mwaka uliofuata wakulima walewale walinunua miche ya kitalu cha Makambako, wakaipanda mashimo yaleyale, ikafa vilevile. Safari hii Bwana Shamba alikwenda na jembe lake. Alichimba, na shimo likajaa maji kabla hajafika kina cha goti. Mizizi ilikuwa imeoza kwa kukaa majini. Miche haikuwa na kosa, ya mwaka huu wala ya mwaka jana. Parachichi halitaki kusimama kwenye maji, na hilo yeye ndiye aliyekuwa ametufundisha.

Jumapili hiyo alikuja kwetu. Alikuja kama mtu anavyopaswa kuja, na mke wake, na mzee wa kanisa, na kuku mkononi. Alisema kosa lake bila kulizungusha. Alisema sikuchimba, nilitaka kuonekana. Mama alimsikiliza, akampokea kuku, akaingia jikoni. Kwetu jambo likifika hapo limefika. Mkishakula kuku huyo sahani moja, neno limekwisha, na atakayelitaja tena ndiye mwenye kosa jipya. Walikula. Mzee wa kanisa aliomba. Nilimwona Bwana Shamba akijifuta macho kwa mkono wenye mchuzi, na saa ile nilimpenda, nakiri.

Halafu akasema, "Sasa mama, wiki ijayo twende kwa wanachama. Utaeleza, nami nitaeleza, warekebishe."

"Nieleze nini?"

"Yote, tangu mwanzo. Nilivyokuandika, ulivyopoteza wateja. Ndiyo kanuni."

"Hilo neno tumelila na kuku sasa hivi. Unataka nikalitapike mbele za watu?"

"Bila hivyo halirekebishiki."

"Basi wabadilishe kanuni yao," mama alisema. "Mimi yangu siibadilishi."

Nilimsihi wiki nzima. Nilimwambia ni dakika chache tu, aseme kwenye simu, hata asiwatazame. Nilimwambia maelezo hayo yanamsafisha yeye, hayamchafui mtu. Akaniuliza maneno yake yatakaa huko kwa muda gani. Nikasema daima. "Kwa hiyo," akasema, "wajukuu wa Bwana Shamba watafungua wanisikie namsema babu yao, mtu niliyekula naye. Sasa hapo nitakuwa nimesamehe nini?" Niliondoka nimebamiza mlango. Sikuwa na ruhusa ya kusema kwa niaba yake. Kanuni ilidai mhusika mwenyewe.

Bwana Shamba hakukaa kimya. Aliandika hoja ya kuomba kanuni yake mwenyewe ilegezwe, mara hii tu, kwa kuwa mwandishi amekiri na mwenye kitalu ameshasuluhishwa. Lakini wakati huo waliokuwa na pointi nyingi hawakuwa wakulima wa Kichiwa, ambao simu zao zinazima na vifurushi vinaisha. Walikuwa wauza miche wa Makambako, wanaoshinda mtandaoni kibandani. Mmoja wao, mteja wangu wa mbao, aliniambia huku anatabasamu, "Kanuni ni kanuni, ndugu yangu. Mama aje aeleze." Alijua haji. Wote walijua, maana wengi wao wamekulia hukuhuku na hao kuku wa suluhu wanawala kwao. Hoja ikaanguka. Chini yake mtu aliandika: alituambia mtaalamu ananunulika kwa mbuzi, kumbe hata kuku anatosha.

Maneno hayo nayo yapo mpaka leo. Hayafutiki.

Baada ya hapo hakuandika tena. Alipita kwetu mara chache, akasimama nje ya ua na jembe lake, akaulizia afya. Mama alimkaribisha kila mara kama zamani, na sola ilikuwa palepale, ila simu alikuwa anachaji kwingine. Nilimchukia kwa kutochimba, na nilimchukia zaidi kwa kuandika kanuni nzuri. Mama nilimkasirikia pia. Hilo nalo niliseme, maana lilikuwa kweli.

Miche iliyobaki kitaluni ilipasua viriba, ile mifuko yake ya plastiki, mizizi ikaingia ardhini. Mama aliing'oa ile iliyowezekana, akaipanda mpakani juu kilimani. Leo ni miti mikubwa, inazaa mpaka matawi yanakatika. Wale wauza miche wa Makambako wana ndugu zao madalali, wanakuja na lori kununua matunda ya mama, wanayasifu, wanapakia. Mche hata mmoja hawajawahi kuulizia. Kitalu sasa ni banda la mbuzi.

Mara ya mwisho nilimwona hospitalini Ilembula. Mama ana tatizo la presha, nilikuwa nimempeleka kliniki, tukakaa kwenye benchi refu la kungojea. Bwana Shamba aliletwa na binti yake, anayeishi naye huko tangu mke wake afariki. Amekonda. Gambuti hazikuwepo, alivaa viatu vya turubai. Binti yake alitutambua, akainama kwa mama na kusema taratibu, "Msishangae, mama. Siku hizi watu anawasahau. Hata mimi kuna siku ananiuliza mimi ni wa nani." Akamkalisha karibu na mama, akaenda dirishani na kadi yake.

"Kamwene," akatusalimu.

"Kamwene, Bwana Shamba," mama akaitikia.

Alifurahi kusikia cheo chake. Akauliza tunatoka wapi. Mama akasema Kichiwa. Akauliza tunalima nini, na mama akasema mahindi, viazi, na parachichi kidogo. Hapo uso wake ulibadilika, mgongo ukanyooka, nikamwona yule wa zamani kabisa. Akaweka mkono kwenye koti, akatoa simu, na vidole vyake, ambavyo muda mfupi kabla vilishindwa kufunga kifungo, vilikwenda moja kwa moja mahali vilipotaka.

"Parachichi lina mambo yake," alisema. "Msinunue miche ovyo. Kuna mama mmoja hukohuko kwenu, muwe naye macho. Hii hapa, imeandikwa na mtaalamu, na watu wamepiga kura."

Akamsogezea mama simu. Mama alisema hana miwani. Basi akamsomea, polepole, kwa ile sauti ya kufundisha, neno kwa neno. Alisoma jina la mama yangu lote mpaka la ukoo. Alisoma kijiji, alisoma ugonjwa, alisoma isinunuliwe. Nilifungua mdomo. Mama akanibana goti kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Tumesikia, Bwana Shamba," mama alisema. "Hatutanunua kwake."

Akatabasamu, akampigapiga mama mkono. "Uwaambie na wenzako," akasema.

Mama akasema atawaambia.